Alama Chini ya Sahani

Asaa karudi na kopo la rangi, limebaki robo,
masalio ya kituo cha afya:
kijani cha kungojea sindano.
"Ya bure," kasema, kifua mbele kama aliyeleta nguru mzima.
Mimi nilitaka ukumbi wa rangi ya samli.
Tangu Shaabani nimeshaupaka kichwani,
nimeshakaa ndani yake, nimeshasifiwa.

Kijani hakikutosha. Kikaishia kiunoni mwa ukuta.
Juu tukapandisha chokaa, tukaitia buluu ya kufulia
vijiko viwili, na Raya cha tatu nilipogeuka,
ikatoka rangi isiyo na jina Wete nzima.
Bi Tumu kachungulia dirishani: "Mmepaka alfajiri?"
Tumepaka kilichopo, bibi. Pita, usiegemee.

Mapazia ni yale yale ya zambarau.
Nimeyageuza tu; jua halijaujua upande huu.

Usiku wa kuandama mwezi nikahesabu sahani.
Zangu saba. Wageni, Mungu akijaalia, thelathini na ushei.
Hapo mtaa mzima wa Limbani hushika njia:
watoto na mabeseni vichwani,
udongo ukigonga udongo chini ya kanga,
na sauti uani: "Mama kasema, hii yenye ufa usimpe shemeji."

Hapa kwetu hakuna sahani inayotoka bila jina,
na jina haliandikwi. Ni nukta ya rangi ya kucha
chini, pasipofika jicho la mlaji.
Ya Bi Tumu nyekundu, moja, nene.
Za mama yake Salha mbili za waridi,
zimeachana, maana mkono wake unatetema siku hizi.
Mwalimu Mgeni hapaki kucha;
yeye kakwaruza kwa msumari alifu iliyosimama wima.
Nazigeuza moja moja, nazisoma kama chuo.

Na hizi tatu, zenye ua la buluu ukingoni?
Zambarau. Imemomonyoka.
Za Bi Mchanga.

Zilikuja mwaka jana na wali wa nazi, mimi nikiwa mzazi,
na sahani hairudi tupu,
basi nikangoja nipate cha kutia.
Leo sukari hakuna, kesho unga umepanda bei, keshokutwa
tukasikia kilio ukutani.
Nyumba yake wamepangisha.

"Mama, hizi tunazipeleka kwa nani?"
Nikamwambia alete supra.

Asubuhi ukumbi ulikuwa hivi:
supra ya miyaa mipya, nyekundu ikipishana na manjano;
asumini kwenye glasi ya chai, kwa kuwa jagi lina ukwaju;
mrashi katikati, kama bwana harusi aliyewahi kufika;
sahani za nyumba tisa, hakuna pacha,
yenye ukingo wa dhahabu kando ya bati lililobabuka,
na kile kijani, ndugu zangu, kile kijani cha sindano
kikayapokea yote, kikayabeba,
hata Asaa akatabasamu kabla sijamsifu.
Sijamsifu.

Zile tatu sikuziandika.
Nikatia tambi, zabibu juu, nikafunika kawa,
Raya akapeleka mlango wa Bi Mchanga,
kwa yule mke mgeni wa kutoka Makunduchi
ambaye hata jina lake tulikuwa hatujauliza.
Sahani inaijua nyumba yake, nikasema.
Deni limelipika.

Sikukuu ya tatu, hodi.
Kazirejesha zote, kaziosha hadi zinalia,
akidhani ni zangu. Na juu ya moja, kwa ada,
ndizi tatu za kukaanga, bado moto.
Anaitwa Kazija. Kausifu ukuta.

Alipotoka nikaigeuza ile moja.
Zambarau ingalipo, kidogo,
kama ukucha wa mtu aliyekuwa akimenya vitunguu.
Raya kameza ndizi.
"Sasa hii tutaitia nini?"