Balbu ya Kibanda cha Pampu

Ilgvars, wamebadilisha taa.
Raivo alikuja Jumamosi na katoni mbili na ngazi,
akaanzia jikoni, akamalizia ghalani.
Balbu kumi na tisa, nimezihesabu mwenyewe,
zikishuka moja moja kama pea zilizoiva
kwenye kapu ulilosuka wewe.

"Bibi," kasema, "haya yalikuwa majiko, si taa.
Kati ya senti kumi ulizolipa
tisa zilinunua joto,
moja tu ndiyo iliyonunua nuru."
Nikanyamaza.
Hapa Alūksne, nani amewahi kulalamika
kwamba joto limezidi?

Nuru yenyewe, nikubali, ni nuru.
Ya kwanza ilinitisha:
jikoni kukawa kama kwa daktari wa meno.
Nikaona utando wa buibui uliotuzidi umri,
mafuta yaliyogandia ukutani nyuma ya sufuria,
na mikono yangu —
nani kanivalisha mikono ya mama yako?
Raivo akacheka, akarudi dukani,
akaja na za rangi ya asali.
Hizo tumeelewana.

Sasa gazeti nalisoma mezani, silikimbizi dirishani.
Uzi unaingia kwenye sindano mara ya kwanza, si ya saba.
Na ile mita uliyokuwa ukiigombeza kama mbwa wa jirani
inajikokota, kobe aliyeshiba.
Bili ya Desemba nimeisoma mara mbili,
nikadhani wamenisahau.

Lakini Raivo, mtoto mwema, kazi haiachi nusu.
Alivuka theluji hadi kibanda cha pampu
akaitoa ile yako ya wati mia,
iliyoning'inia ndani ya kopo ulilolitoboa kwa msumari,
ikiwaka usiku na mchana, Novemba hadi Machi.
Taa ya kumulikia bomba! Ya kazi gani?
Akaweka ya wati tisa.
Kibanda kikang'aa kama kina harusi.

Usiku ule zikashuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Asubuhi nikafungua mfereji:
ukakohoa,
kisha ukanyamaza kama mtu aliyeulizwa deni.

Nilikwenda kuangalia.
Taa mpya inawaka, safi, haina kosa.
Bomba limevaa barafu hadi shingoni,
limepasuka kwenye kiwiko,
na kila kitu kinaonekana vizuri sana.

Miaka arubaini na moja nilikusema.
"Unawawashia panya!" nilikwambia,
na wewe ukivua viatu mlangoni, kimya,
hukuwa mtu wa maelezo.
Tangu uende sikuizima, sijui kwa nini.
Labda uvivu wa kuvuka theluji.

Skaidrīte alileta kikaushia nywele chake,
tukapuliza bomba kwa zamu kama tunamtengeneza bibi harusi,
tukacheka hadi yeye akakaa chini kwenye ndoo.
Fundi alikuja saa tisa alasiri, giza tayari limeingia,
akaunga kiwiko, akauliza bomba lilikuwa likipashwa na nini.
Nikamwonyesha kopo.
Akalitazama, akavua kofia kidogo,
au labda alikuwa akijikuna.

Kwenye simu Raivo alikuwa karibu kulia.
Nikamwambia, mjukuu wangu, hukukosea,
ile haikuwa taa.
Hata mimi sikujua.

Nimechakura kapu, nimezitikisa moja moja sikioni
kutafuta ambayo uzi wake haujakatika.
Ya wati mia nimeirudisha mahali pake.
Kutoka jikoni, chini ya asali yangu ya bei nafuu,
naiona ikiwaka peke yake uani,
nyekundu kidogo, mkaidi, ghali.

Februari Raivo ataleta waya wa kupashia bomba,
ati una akili, unajizima wenyewe.
Na aje.
Nyingine nne nimezificha
ndani ya soksi zako za sufu,
droo ya chini.