Kipimo cha Msiba

Saa kumi na mbili, Kemijärvi, ziwa limeganda
na giza halina haraka.
Naimeza asubuhi yangu kwa maji vuguvugu:
kidonge kimoja na nusu.

Wengine huamshwa bure.
Ubongo wao hutuma mjumbe alfajiri,
hushuka na damu mpaka kwenye tezi mbili
zilizokaa juu ya figo kama kofia,
nazo hutoa kimaji cha kuinukia,
na mtu hufumbua macho akidhani kajiamsha.
Mjumbe wangu hubisha kwenye nyumba iliyohamwa.
Hubisha, hubisha,
na kubisha kwake ndiko kulikonigeuza rangi.

Mwaka ule majirani walidhani nimetoka Uhispania.
"Umependeza, Raili," alisema muuza mkate,
nami nilikuwa nakufa.
Usiku nilisimama mbele ya friji
nikinywa maji ya chumvi ya samaki wa kopo,
kama ng'ombe kwenye magadi.
Tauno akanikuta. Hakucheka.
Alikata mkate, akanisogezea.

Watu huimba moyo. Hukatana maini,
hutumbuana nyongo.
Sijasikia aliyeziimba kofia za figo.

Daktari aliniandikia karatasi:
homa, mara mbili;
mfupa ukivunjika, mara tatu;
ukitapika, sindano, upesi, pajani.
"Na msiba?" nikauliza.
Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.
"Hilo utalijua mwenyewe."

Hamu nayo ilihama bila kuaga.
Kwenye sauna Tauno aliweka kiganja mgongoni pangu,
mwili ukamtambua, haukuitika.
Wakaniongezea kidonge cha tatu, kidogo kama chawa.
Miezi minne, kimya.
Kisha Jumanne moja anamenya viazi,
shingo yake nyekundu kwa baridi ya kazini,
nikaona shingo.
Viazi viliungua.
Baadaye nikamuuliza: ni mimi huyu, au ni dawa?
Akajikuna kidevu, dereva wa greda la theluji,
mtu wa maneno kumi kwa siku:
"Mimi yangu naipika ndani. Nayo ni dawa."
Akageuka, akalala.

Februari. Polisi wawili mlangoni,
wamevua kofia.

Sikulia.
Dada yake, Sylvi, alinitazama,
nikajua anaandika jambo kichwani.
Midomo ilikuwa baridi, sakafu ilikuwa mbali,
damu inashuka kama maji ya beseni lililozibuliwa.
Kulia nako kuna gharama,
na mwili wangu haukuwa na akiba hata ya chozi.
Nikakaa mezani na kichupa.
Homa ni mara mbili. Mfupa, mara tatu.
Miaka thelathini na moja ni mara ngapi?
Nilimeza vinne. Nikamtazama Sylvi,
nikaongeza kimoja.

Dakika arobaini hivi.
Kwanza vidole vikapata joto.
Kisha nikaisikia saa ya ukutani,
kisha harufu ya mafuta ya mashine kwenye koti lake,
kisha nikapiga ukelele mmoja
mpaka mbwa wa jirani akajibu,
na Sylvi akanishika, naye akaanza.

Sasa wanataka nipunguze.
Nusu kila wiki, polepole, wanasema,
mwili urudi kwenye mizani yake.
Mizani! Nakula chumvi, nakunywa maji, natoka jasho, natetemeka,
yote yale yanayofanywa na mtu aliye sawa.
Jana nilifika kipimo changu cha zamani.
Nusu iliyobaki niliitia mfukoni mwa koti lake.
Usiniulize kwa nini.

Nje greda linapita, dereva ni kijana mgeni.
Tauno alikuwa akiinua koleo la chuma langoni petu
ili theluji isitufungie.
Huyu hainui.
Nachukua sepetu, navaa glavu,
na kabla ya kufungua mlango
nasubiri kidogo,
dawa ifike.