Kwa Penseli

Fomu yenyewe ni ya mwakani.
Hii niliyo nayo ni nakala ya nakala.
Drasiku aliipata kwa binamu yake wa kidato cha sita,
tukaitoa fotokopi pale Mvara, shilingi mia mbili ukurasa,
wino umefifia hadi "saini" inasomeka "sini".

Mwalimu Onzima alituambia: kidato cha tano ni msimu wa kulima.
Anayengoja mvua inyeshe ndipo aulizie jembe
tutakutana naye sokoni, akinunua muhogo.
Akabandika mlangoni alama za kuingilia chuo za mwaka jana,
tukazisogelea kimya,
kama watu wanaotafuta jina la ndugu kwenye orodha ya wodi.
Udaktari ulikuwa juu kabisa, usawa wa bawaba.
Kozi yangu niliikuta chini,
pale wavulana wanapopigia mlango teke.

Nafasi ni sita.

Mjomba Andama alipiga kutoka Koboko: Sheria!
Ukoo huu unahitaji mtu wa kubishana kwa Kiingereza.
Shangazi: Uuguzi. Sindano haikosi mgonjwa.
Baba, kutoka Juba, mtandao ukimkatakata:
cho... chochote... chenye... mshahara.

Mimi naandika: Upimaji wa Ardhi.
Nafuta.
Naandika tena.
Karatasi imeota manyoya mahali hapo.

Sijawaambia kwamba Fizikia nilipata arobaini na tisa,
na pembeni kuna neno moja jekundu: Amka.
Sijawaambia pia kuhusu jiwe.

Nilikuwa na miaka tisa.
Tulilala, jiwe la mpaka likiwa karibu na mfenesi,
tukaamka, limeingia hatua nne ndani ya muhogo wetu.
Mama alisema jiwe halina miguu.
Kamati ya kijiji ikaja, ikala kuku wawili,
ikafuta midomo, ikaamua
jiwe libaki lilipo, kwa ajili ya amani.
Asubuhi ile nilihesabu kwa miguu yangu midogo:
nne kwa themanini na moja.
Sikujua kwamba ile ni hesabu. Nilidhani ni hasira.

Usiku huu nimefika ukurasa wa tatu.
Mama anapeta simsim, ungo unapanda, unashuka,
maganda yanatua juu ya chaguo langu la pili.

Hapa wanauliza kazi yako.
Andika, nauza.
Unauza nini?
Ungo unasimama.

Muhogo, mwezi wa kwanza.
Simsim, mwezi wa nane.
Mwaka ule wa surua niliuza baiskeli ya baba yako,
akarudi, hakuuliza, na mimi sikusema.
Kidato cha nne chako niliuza kitenge cha harusi,
yule mama wa Ediofe bado anakivaa kanisani, nakiona Jumapili.
Wameacha nafasi kiasi gani hapo?

Naweka rula.
Sentimita sita.

Anacheka, kile kicheko chake cha puani.
Basi andika kwa penseli, mwakani huenda nikawa na duka.

Naandika "mfanyabiashara".
Inaenea, inabaki hata nafasi ya nukta.
Anaichukua karatasi, anaishika juu chini,
anaitazama muda mrefu kama anayemtafuta mtu ndani yake,
anapuliza maganda, ananirudishia.

Taa ya sola imeanza kuwa ya njano.
Kesho nina zamu ya kufagia maabara saa moja,
na cheti changu cha kuzaliwa kinaniita Eyotaro,
na marekebisho, wanasema, ni foleni ya siku mbili,
na Drasiku anataka fomu yake irudi bila mafuta.

Nakunja. Ninaposimama, Mama ananyoosha mkono.
Hebu nipe hiyo rula.

Anaigeuzageuza karibu na mwanga,
kidole gumba kikitembea juu ya vijistari vyeusi.

Hatua nne, ananiuliza,
humu ni sentimita ngapi?