Kabati la Sakina

Tarehe thelathini Juni. Kesho msimu unafunguliwa.
Mlima Meru umejifunika hadi mabegani,
nami nimevaa sweta mbili, funguo zinaning'inia shingoni,
nahesabu risasi kama muuza mayai:
kwa vidole, kwa macho,
kisha tena, kwa mashaka.

Ameingia Bwana Ndekirwa, mfanyabiashara wa mbao kutoka Moshi.
Ana leseni ya mbogo mmoja,
imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati.
"Dada, ipi haipigi bega?"

Simjibu. Nazisimamisha mezani kama wanafunzi wa paredi.

Hii ya milimita saba, shingo nyembamba, mbio nyingi.
Itamkuta swala hajameza alichotafuna.
Kwa mbogo ni kupiga hodi na kukimbia.

Hii tatu sabini na tano. Sheria inaanzia hapa.
Mchapakazi, haina makuu;
siku ya kwanza bega litalalamika,
ya pili litanuna,
ya tatu litazoea.

Na hii nne hamsini na nane,
nene kama dole gumba la seremala.
Inasukuma kama dume linalotoka zizini.
Ukiiogopa utafumba macho,
na ukifumba macho, bwana,
hata mzinga ni manati.

"Na kichwa chake?" anauliza.
Kumbe si mjinga.
Kichwa laini huchanua ndani ya nyama, hufungua njia pana.
Kichwa kigumu hakichanui. Kinapita:
matope makavu, ngozi, nyama, mfupa wa bega,
na bado kina safari.

Hapo navuta droo.
Kuna kibati cha mafuta ya mgando, mafuta yaliisha zamani.
Ndani yake kipande cha shaba na risasi,
kimechanua mapema mno,
kama jakaranda lililodanganywa na manyunyu ya siku moja.
Kilisimama kwenye mfupa.
Mbogo hakusimama.

Aliyefyatua alibaki garini na chupa ya chai,
mikono inatetemeka. Simlaumu kwa hilo,
mikono hutetemeka.
Aliyeingia kwenye magugu ni Loishiye,
mfuata nyayo, mume wangu,
na fimbo, na macho yake mawili.
Alisoma damu kwenye majani.
Damu ya pafu ina povu. Ile haikuwa na povu.
Alijua.
Akaendelea kusoma, maana mshahara wake
uko mwisho wa ukurasa.

Bwana Ndekirwa anakigeuzageuza kile kipande.
Habari ya bega imemtoka.
"Alipona?"

Zinamjibu ngazi za nje:
katambuga moja inakanyaga,
ya pili inaburuzwa.
Inakanyaga. Inaburuzwa.
Loishiye anaingia na birika,
anatafuta nafasi ya vikombe katikati ya risasi.
Anamtazama mgeni viganja kwanza, uso baadaye.
"Wewe ndiye wa keshokutwa?"
"Ndiye mimi."
"Basi mimi ndiye nitakayekuwa mbele yako."
Akammiminia chai.

Hakuna aliyesema neno hadi vikombe vilipofika nusu.
Kisha Ndekirwa akaisogeza tatu sabini na tano kwa kidole,
taratibu, kama anayesogeza kete ya bao asiyotaka kuijutia.
"Laini moja ya kutangulia," alisema,
"zinazofuata zote ngumu.
Na niongeze ishirini za mazoezi.
Kesho nitashinda kwenye shabaha, bega lilie litakavyo."

Nafungua kitabu.
Jina la mnunuzi: nimeandika.
Namba ya leseni: nimeandika.
Idadi, ukubwa, tarehe.
Matumizi: mbogo mmoja.

Nimepekua ukurasa mzima, mbele na nyuma.
Safu ya kwa ajili ya nani
hawakuichapa.