Pima ya Nani?

Asubuhi baba alinituma dukani:
"Kamba ya singa, pima kumi kamili.
Hema halina mshipi,
na upepo wa Aprili hapa Mongolia hauna adabu."

Bi Yanjimaa huuza kwa mita.
Rula yake ya mbao imepigiliwa kauntani,
namba arobaini imefutwa na viwiko vya wateja.
"Mita ngapi?"
Mimi ni wa darasa la nne. Sishindwi.

Juzi tu Mwalimu Gerelma alitupimisha:
wanda, shibiri, dhiraa, pima.
Nilipanua mikono ukutani kama tai anayeanika mbawa,
Temuge akachora chaki kwenye ncha za vidole vyangu:
sentimita mia moja thelathini na mbili.
Mara kumi, elfu moja mia tatu na ishirini.
Gawa kwa mia:
nukta ikaruka kushoto mara mbili, kama chura.
"Mita kumi na tatu nukta mbili!"
Bi Yanjimaa akakata.
Kisu hakikuuliza swali.

Nyumbani tukaizungusha.
Ilianzia mlangoni, ikapita ubavuni, ikapita kisogoni mwa hema,
ikarudi upande wa pili,
ikakata tamaa.
Baba ameshika ncha moja, mimi nyingine,
na hatuwezi hata kupeana mikono.
Nikakadiria kwa jicho: hatua zangu nne.
Nikatembea: nne, na kisigino.

Baba alicheka mpaka mbuzi wakageuka.
Kisha akapanua mikono yake,
ile inayobeba kondoo wawili kwa mpigo,
nami nikavuta uzi kutoka kidole hadi kidole,
nikaukunja mfukoni,
nikaulaza juu ya rula ya Bi Yanjimaa.
Rula ikaisha, uzi ukaendelea.
Mita moja na sentimita sabini.
Mara kumi! Hapo hata kalamu sikuigusa.

Kumi na saba, toa kumi na tatu nukta mbili.
"Niongeze mita tatu na sentimita themanini."
"Una hakika?"
Nikamwonyesha uzi.

Mshipi wetu una fundo hadi leo.
Mgeni akiliuliza, baba hunitazama,
nami hutazama jiko.

Jumatatu Mwalimu alisimama ubaoni:
"Dhiraa moja ni sentimita ngapi?"
Mikono ikanyooka, mirefu, mifupi,
mmoja una wino hadi kiwikoni.
Nikanyoosha wangu.
"Ya nani, Mwalimu?"