Neti Kwenye Baridi

Alikuja bwana mmoja wa ofisini na mashine ya picha,
akatundika shuka jeupe kwenye ghala la majani chai,
akatuonyesha dunia imeiva nyekundu kama jipu.
Alisema "tabianchi" mara kumi na tisa. Nilihesabu.
Nikanywa soda yake, nikarudisha chupa, nikaenda zangu.

Wiki ya pili Kibiwott akachemka.
Joto la mtoto halihitaji shuka jeupe.
Nikamfunga mgongoni, nikapanda naye zahanati.

Sista Taprandich ndiye aliyenipokea nilipozaliwa.
Ndiye aliyemwambia baba ukweli kuhusu ini lake
ndugu wote walipokuwa wakimpigia chuku.
Na mwaka ule wa mimba yangu ya kwanza, ni yeye:
"Imetoka, mwanangu. Kaa hapa ulie. Sina haraka."

Akamchoma mtoto kidoleni. Tone moja.
Kijistari cha pili kikajitokeza polepole, kama mgeni asiyealikwa.
"Malaria."
"Sista, sisi hatujashuka Chemelil! Hatujalala Kisumu!
Malaria ni ya kule bondeni, kwenye miwa."

Hakubishana nami. Alifungua kabati,
akatoa daftari kuukuu lililoliwa pembe na panya.
Juni nzima: mgonjwa mmoja. Dereva wa trekta la miwa.
Kisha la mwaka huu. Juni. Akafunua,
akalowesha kidole, akafunua tena.
Mjukuu wa Jebitok. Wachuma chai watatu wa nyumba moja.
Katekista.
Watu ambao hawajawahi kwenda popote.

"Mbu hakuwa na ubavu wa kuishi huku," akasema.
"Baridi ilikuwa askari wetu wa getini. Sasa anasinzia."

Nikamuuliza kama ataamka.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.
"Hilo sijui."
Akanipa dawa, akanipa neti,
na mimi nikaondoka na lile "sijui" lake;
ndilo lililonifanya niyaamini mengine yote.

Usiku napigilia msumari juu ya kitanda,
mama mkwe akacheka mlangoni:
"Neti, huku Nandi? Mtu anayelala na blanketi tatu?"
"Zihesabu, mama."
Akainama, akapapasa kitanda gizani.
Moja.
Akapapasa tena.