Safu ya Matangazo

Nilikuja Paysandú kutafuta mafuriko ya mwaka wa thelathini na nne.
Mhifadhi alinipa glavu, penseli na onyo:
karatasi hii ni ngozi ya kitunguu,
ukiiharakisha itakuliza.

Mto ulijaa ukurasa wa kwanza.
Chini, kati ya bei ya sufu na dawa ya chunjua:
"Mke wangu Delmira ameihama nyumba.
Nisidaiwe madeni yake. E. Etchegoyen."

Bibi! Wewe uliyetuambia babu alikwenda na maji!

Nikapekua Jumanne, Jumatano. Vumbi, chafya.
Alhamisi, herufi ndogo kama ufuta:
"Madeni ni yake. Cherehani ni yangu.
Napokea nguo, nyuma ya stesheni. Delmira."

Mafuriko nimeyasahau.
Nanakili anwani.
Penseli imevunjika ncha mara mbili.